Damu, Maji na Saumu: Somo la Seli kwa Wanafunzi Wetu

   Wazee wetu, mama zetu na wanetu mlioketi hapa Louisville, nanyi mnaotusikiliza kutoka Columbus na Buffalo, sikilizeni.

Juma lililopita vijana wetu wa mwaka wa kwanza wa chuo walituletea malalamiko. Walisema biolojia imewaelemea: seli, protini, asidi amino, majina yasiyo na mwisho, nao hawaoni yanahusiana vipi na maisha yao, sembuse na saumu. Elimu yetu sisi ni ya fiqhi na lugha ya Kiarabu. Haya ya maabara tumeyasoma ukubwani. Hata hivyo tumekubali kuyazungumza, na tutashika seli moja tu, chembe nyekundu ya damu, na maradhi mamoja tu, yale yaitwayo selimundu, ambayo wengi wetu twayaita siko seli.

Tuliyasomea ukubwani kwa sababu ifuatayo. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alitujia mwanzoni mwa Ramadhani. Aliuliza kama mwanawe, aliyekwisha kubaleghe, alazimike kufunga, kwani ana damu mbaya na huumwa na mifupa. Tulimtazama kijana, tukamwona mzima, anacheza mpira. Tukajibu kwa haraka kwamba afunge, mwili utazoea. Siku ya nne alipelekwa hospitali usiku, akilia kwa maumivu ya mgongo na kifua. Mwenyezi Mungu alimwafu, na leo ni baba wa watoto. Lakini jibu lile lilikuwa letu, nasi hatukumuuliza mama yule swali hata moja.

Basi tuanze. Seli ni kama nyumba ndogo iliyozungukwa na utando laini, unaochagua nini kiingie na nini kitoke. Seli nyingi za mwili zina kiini, na ndani ya kiini mna DNA, yaani maandishi ya kuundia protini. Chembe nyekundu haifanani na nyingine. Ikikomaa ndani ya uboho hukitoa kiini chake, ikapoteza na mitokondria, vile vinu vya nishati, ikabaki mfuko uliojaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Chembe moja ina himoglobini zipatazo milioni 270. Huishi siku 120 hivi, na uboho wa mtu mzima hutoa chembe mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde. Tena imo mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko chembe yenyewe, hivyo haina budi kujikunja ndipo ipite. Lishikeni hilo la kujikunja.

Himoglobini imesukwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Kila mnyororo wa beta una asidi amino 146, zilizopangwa kama herufi katika neno. Mliosoma madrasa mwakumbuka jinsi mwalimu alivyotukemea tulipotamka kaf mahali pa qaf: qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Herufi ni moja, na maana imepotea. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba kosa la selimundu ni la namna hiyo. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta pametoka asidi ya glutamiki, ambayo hupenda maji, ikaingia valini, ambayo huyakimbia kama mafuta. Hizo nyingine 145 hazikuguswa.

Valini hiyo haina madhara wakati himoglobini imebeba oksijeni. Inapoitua mzigo huo, umbo lake hubadilika, na valini hupata kishimo cha kujibanza katika himoglobini ya jirani. Hiyo nayo hushika ya tatu, mpaka zikawa nyuzi ngumu zinazoinyoosha chembe ikawa kama mundu. Chembe ya namna hiyo haijikunji. Hukwama, huziba mshipa, na nyama na mifupa iliyo mbele yake hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu tuliyosema yatazoeleka. Chembe hizo hufa mapema pia, baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa manjano.

Sasa wanafunzi wetu watege masikio, maana hapa ndipo biolojia inapokutana na saumu. Nyuzi zile haziundwi papo hapo. Kuna muda wa kungoja, na katika muda huo chembe inakimbia irudi mapafuni ikachukue oksijeni tena. Ikiwahi, imenusurika. Urefu wa muda huo hutegemea mno jinsi himoglobini zilivyosongamana ndani ya chembe. Zikisongamana kidogo tu zaidi, muda hufupika sana. Na ni kitu gani huzisonganisha? Ni kupungukiwa na maji. Damu ikikauka, maji hutoka ndani ya chembe kupitia utando, chembe ikasinyaa. Zaidi ya hayo, selimundu huharibu figo mapema, zikashindwa kuyahifadhi maji. Mtu mzima wa afya akifunga, mkojo wake hupungua na kukolea. Mgonjwa huyu huendelea kupoteza maji hata asiponywa tone. Baridi nayo huchochea maumivu, na wenzetu wa Buffalo hawahitaji kuelezwa baridi ni nini.

Kwa hiyo aliyeambiwa na tabibu anayeaminika kwamba kufunga kutamdhuru, huyo ana udhuru. Aya za saumu katika Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa pamoja na msafiri, wala hazikumlaumu. Akiwa ni wa kuweza kulipa siku nyingine, atalipa. Akiwa maradhi yake hayatarajiwi kumwachia nafasi, atatoa fidya, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Atangulie kwa daktari, kisha aje kwetu, asianze kwetu. Na ninyi mnaomwona kijana akinywa maji mchana, mwacheni. Wako wanaojificha chooni kunywa dawa kwa kuogopa macho ya watu wa msikiti, jambo linalotutia haya.

Huenda mkauliza kwa nini maradhi haya yametushika sisi zaidi. Jibu lilitoka kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu nchini humo mwaka 1949. Akakuta kwamba katika makabila ya pwani na ya kando ya Ziwa Victoria watu zaidi ya 20 katika 100 wana alama ya selimundu, na huko nyanda za juu na sehemu kavu hawafiki hata mmoja. Alama hiyo ilikuwa palepale penye malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni moja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili hana bahati hiyo. Malaria humuua upesi. Hii si laana ya ukoo wala uchawi wa jirani.

Mwenye jeni moja kwa kawaida ni mzima na hufunga kama wengine. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Tunasema kila mimba. Tumewasikia wazee wakihesabu kwamba wa kwanza akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika; hesabu hiyo ni batili. Na mama asisingiziwe peke yake, kwani jeni moja hutoka kwa baba. Hatumkatazi mtu kuoa, ila tunataka posa zinazoletwa kwetu zitanguliwe na kipimo cha damu.

Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa wakingali wachanga. Waliozaliwa Dadaab, Kakuma au Nyarugusu huenda hawakupimwa kamwe, na hao ndio waliojaa madarasa ya vyuo vyetu. Dawa ya haidroksiyurea ipo, nayo huamsha himoglobini ya utotoni, ileile inayomlinda mtoto katika miezi yake ya mwanzo. Desemba 2023 serikali ya nchi hii iliidhinisha tiba mbili za jeni, ingawa bei yake yapita dola milioni 2. Na huko nyumbani, Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa hawa tangu 2004.

Baada ya tarawehe binti zetu wawili wauguzi watabaki katika chumba cha akina mama, na kwa Columbus na Buffalo simu itakuwa wazi. Mwenye swali na aulize sasa, kabla ya adhana ya Isha.