Bendera ya mji ni ya nani?



Kuna wenzetu wamekuja na wazo: komini yetu iwe na bendera yake. Wengine wakacheka. Maji hakuna, njia ni mashimo tupu, na nyinyi munatafuta kitambaa? Tunawaelewa. Bendera hailete maji kwa robine. Lakini mbele ya kulitupa wazo lile, tuwaelezee habari ya mji mdogo wa mbali.

Unaitwa Pocatello, iko mu jimbo la Idaho, Marekani. Watu wake ni kama 55,000, kwa hesabu ya kwetu ni kartie moja ao mbili. Jina lake lilitoka kwa Pocatello, chifu wa Washoshone, kabila ambalo lilisukumwa likabaki na kipande cha udongo pale Fort Hall. (Ndiyo, ata kule mambo ya udongo iko na historia yake.)

Tangu 2001 mji ule ulikuwa unapandisha bendera nyeupe yenye picha ya milima na maneno makubwa: tunajivunia kuwa watu wa Pocatello. Na chini yake, musicheke, alama ndogo ya haki miliki, sawa ile munaona kwenye karatoni ya sabuni. Bendera ya raia wote, lakini inabeba alama ya mali ya mwenyewe!

Mwaka 2004, shirika la Amerika ya Kaskazini la wanaochunguza bendera lilipigisha kura juu ya bendera za miji 150. Pocatello ikashika namba 150. Mwaka 2015 mtangazaji Roman Mars akaitaja mu hotuba iliyozunguka intaneti, basi kicheko kikawa cha dunia nzima.

Sasa wakubwa wa mji walifanya nini? Tunajua viongozi ambao wangetafuta kwanza nani alicheka, wamuitie polisi. Wale waliunda kamati, wakaambia raia: leteni michoro. Ikaingia kwa mamia. Ikaonyeshwa wazi, watu wakasema hii tunapenda, hii hapana, na mu Julai 2017 baraza la mji likapitisha moja. Milima mitatu myekundu mu anga ya bluu, imesogea upande wa kushoto. Juu ya kilele kirefu, dira ya rangi ya dhahabu, kwa sababu mji ule ulikomaa na reli na njia za wasafiri. Chini, mstari wa bluu: mto Portneuf. Hakuna ata herufi moja. Mtu wa pale akiiangalia anajua ni kwao.

Wachunguzi wale wako na kanuni: mtoto aweze kuichora bila kuangalia, rangi mbili ao tatu, kila alama iwe na maana, pasipo maandishi, na isifanane na ya jirani. Si Biblia, lakini ile ya maandishi tunaikubali kabisa. Kama inakulazimu uandike jina la mji ndipo watu waujue, picha yako haijasema kitu.

Na sisi Wakongomani tuko na somo letu. Tangu 1971 mpaka 1997 wazazi wetu walisalimia bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Mwenge ule ulikuwa wa MPR, chama cha Mobutu. Chama kiliingia mu bendera, kikakaa humo miaka 26, na mtoto wa shule akisalimia nchi alikuwa anasalimia chama. Ile ya leo imeelezwa mu kifungu cha 1 cha Katiba ya 2006: bluu ya anga, nyota ya manjano juu upande wa kushoto, na mstari mwekundu wa mshazari wenye ukingo mwembamba wa manjano. Mwekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi. Mtoto wa primere anaichora, na hakuna chama ndani.

Njo maana swali letu kwa komini si uzuri wa rangi. Nani atachora? Nani atachagua, na mbele ya nani? Feza ya kushonesha itatoka wapi, na karatasi ya matumizi itabandikwa wapi tuisome? Mu miji yetu mingi bourgmestre anateuliwa kutoka juu. Akileta bendera iliyokwisha kushonwa, na rangi za chama chake, tutaikataa. Na tukileta yetu yenye logo ya mouvement, muikatae vilevile. Ata ngumi yetu isiingie.

Tunapendekeza hivi: kila avenyu ilete mchoro mmoja, ubandikwe kwenye ukuta wa soko siku 15, wamama wauzaji waupitie wa kwanza, maana njo wanashinda pale. Kisha tuupeleke kwa komini pamoja na barua ya robine, siku moja, mkono mmoja.

Karatasi na krayoni za rangi ziko hapa mbele. Watoto waanze.