Mama, Siku Zako na Mtoto Zinahesabika

Neno kwa akina mama, Nakaloke, Mbale

Wapendwa, ninyi mliovuka Malaba na Lwakhakha kuja kusherehekea pamoja nasi, na wewe unayesoma gazeti hili nyumbani kwako huku mtoto amelala mgongoni, neno hili ni lenu wote. Karibuni Nakaloke, mji wetu mdogo kwenye barabara ya kutoka Mbale kwenda Kumi na Soroti.

Wazee wameniomba niseme juu ya maisha ya nyumbani. Mimi si mwalimu wa chuo cha Biblia, ni mama tu, na nina neno moja: siku ulizopewa kukaa na mtoto wako ni chache, kwa hiyo mfundishe ndani ya kazi za kila siku. Usingoje semina.

Fungua Kutoka sura ya pili, umtazame Jokebedi. Alimficha mtoto miezi mitatu, kisha akamweka mtoni ndani ya kisafina. Binti Farao akamwokota, na Mungu wetu alivyo wa ajabu, mtoto akarudishwa kwa mama yake anyonyeshwe, tena kwa mshahara! Lakini Jokebedi alijua kwamba siku ya kumwachisha ziwa inakuja. Nyumba ya Farao ilikuwa inamngoja Musa pamoja na miungu yake. Biblia haituelezi mama yule alimwambia nini wakati anamnyonyesha na kumwogesha. Tunaona matunda tu: mtu mzima aliyelelewa kwa Farao anatoka kwenda kuwatazama Waebrania, na anajua kwamba wale ni ndugu zake. Alijulia wapi? Mama, jibu unalo.

Sasa tuje kwetu. Sisi Wamasaba huku, na ndugu zetu Wabukusu kule Bungoma, hatuhitaji kukumbushwa kwamba mtoto wa kiume ana siku yake. Kila mwaka wa shufwa tunasikia ngoma za imbalu. Mwezi wa nane watu wanajaa uwanja wa Mutoto, vijana wanapakwa unga, wanazunguka kwa wajomba na mashangazi wakicheza. Leo sisemi kama kijana wako aende hospitali au asimame uwanjani. Hilo mzee wa nyumba na mchungaji wenu watakaa walizungumze. Mimi naongea juu yako, mama. Zile siku kijana atakuwa mikononi mwa watu wengi. Atasikia nyimbo usiku, nyingine za heshima na nyingine huwezi kuzirudia hapa. Ataitwa penye chungu cha malwa. Ataambiwa maana ya kuwa mwanamume. Wewe hutakuwepo kumshika mkono. Atakwenda na kile alichokwisha kula nyumbani kwako miaka yote iliyotangulia.

Na usidhani ni wavulana peke yao. Binti naye ana siku yake: shule ya bweni, kazi Kampala au Nairobi, safari ya Uarabuni kutafuta riziki. Hata kabla ya siku hiyo, simu imeshaingia chumbani na walimu wake wengi.

Tena sisi wa Uganda tulipewa somo ambalo tusilisahau. Mwezi Machi 2020 shule zilifungwa, na makanisa yakafungwa pia. Madarasa mengine yaliitwa kwa zamu, yakafungwa tena, mpaka shule zote zikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili, jamani! Wasichana wengi hawakurudi darasani kwa sababu walikuwa wamebeba mimba. Wavulana wengi walizoea vibarua na pesa ndogo, wakaona daftari halina maana. Wakati ule mchungaji hakuweza kukufikia, wala mwalimu wa shule ya Jumapili. Aliyebaki na mtoto ni wewe. Nyumba nyingi zilianza kuomba pamoja jioni kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda. Kisha milango ya kanisa ikafunguliwa, tukafurahi, lakini katika nyumba nyingi yale maombi ya jioni yakaishia hapo. Kwa nini? Kilichotushika wakati wa shida kinafaa wakati wa amani pia.

Haya, utauliza, nifanye nini nami nimechoka? Nakujibu kama mama kwa mama.

Kwanza, kuleni pamoja. Iwe posho na maharage, iwe malewa ya karanga, kaeni chini pamoja, simu ziwekwe pembeni. Hapo ndipo mtoto anasema mwalimu alimfanyia nini, au nani alimpa mandazi njiani na alitaka nini. Mtoto akizoea kukuambia mambo madogo, siku ya jambo kubwa atakuja kwako.

Pili, ombeni kwa ufupi. Dakika kumi zinatosha. Mdogo aimbe, mkubwa asome, mwingine aombee mgonjwa wa jirani. Ukiwahubiria saa nzima huku wanasinzia, watakuja kuchukia ibada.

Tatu, kazi wagawane wote. Mvulana achote maji, aoshe masufuria, ajue kupika chai. Kijana anayejua uchovu wa mama yake hatamtesa mke wa kesho. Na yule dada anayekusaidia kazi naye ni mtoto wa mtu. Ale chakula mnachokula, aitwe wakati wa maombi. Watoto wanatazama unavyosema naye, na kwake wanajifunza Ukristo wako ulivyo.

Nne, maneno makali yana masikio. Hapa Nakaloke majirani zetu wengi ni Waislamu, na nyumba zimesogeleana. Tunaazimana chumvi, tunazikana. Wanasikia tukinena kwa lugha usiku, na asubuhi wanasikia tukimtukana mtoto aliyemwaga maziwa. Watashika lipi?

Tano, yale magumu yaseme wewe kwanza. Mwili, mimba, UKIMWI, malwa, imbalu. Ukinyamaza, mwingine atasema, na huenda asimtaje Mungu.

Dada yangu ambaye mume hajaokoka, usikate tamaa. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, lakini Paulo aliiona imani ndani ya Eunike mama yake na Loisi bibi yake, akaikuta imefika kwa kijana. Mheshimu baba wa watoto wako, usimseme vibaya mbele yao, na endelea. Na ninyi akina baba mliokaa nyuma pale, neno hili linawahusu. Mtoto anahitaji kumsikia baba yake akiomba kwa sauti yake mwenyewe.

Kwa wenzangu wa kwaya, wa kesha na wa safari za injili: huduma ni njema, nami naipenda. Ila kabla ya kushika kipaza sauti, ujue mtoto wako amekula nini na amelala wapi. Na wewe ambaye watoto wako ng'ambo ya mpaka kwa bibi yao, una simu. Usipige kuuliza karo peke yake. Omba naye, hata dakika mbili kabla salio halijaisha.

Bwana abariki mikono yako inayofua, inayopika na inayofunika watoto usiku. Akupe nguvu leo, maana kesho hatuna hakika nayo. Na siku mtoto wako atakapotoka mlangoni pako, atoke akijua yeye ni wa nani. Watu wote waseme Amina.