Kaunta Mbili Ndani ya Ukumbi Mmoja

Leo tuzungumzie ofisi. Msizime redio! Ofisi ya mpakani kwetu Tunduma, kati ya Tanzania na Zambia, ina historia ndefu kuliko kuta zake.

Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walitia saini mjini Berlin mkataba wa kugawana nchi ambazo wengi wao hawakuwahi kuzikanyaga. Mwaka 1898 tume yao ikaja kuupima mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga, wenyeji wa hapa, wakajikuta wako pande mbili, ukoo mmoja, serikali mbili.

Mpaka huo ulipata kazi nzito baada ya Novemba 11, 1965, pale Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia. Zambia ilikuwa ikisafirisha shaba yake kupitia Rhodesia hiyo, upande wa kusini, sasa ikageuza uso kuelekea Dar es Salaam. Bomba la mafuta likakamilika 1968. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye kilomita 1,860, ikakabidhiwa 1976. Malori nayo yakazidi mwaka hadi mwaka, na mji ukafuata malori. Sensa ya 2012 iliikuta Tunduma na watu wasiotimia laki moja; ya 2022 ikahesabu zaidi ya laki mbili.

Ofisi, lakini, zilibaki na akili ya 1898: kila nchi na jengo lake. Dereva alikuwa anakaguliwa Tunduma, anagongewa muhuri, anavuka hatua chache, kisha anaanza upya Nakonde, upande wa Zambia, kana kwamba ametoka mwezini.

Oktoba 5, 2019, Marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha mpakani. Ramani yake ndiyo habari yenyewe. Anayekwenda Zambia hasimami tena upande wa Tanzania. Anapitiliza hadi Nakonde, na huko anawakuta maofisa wa nchi zote mbili ndani ya ukumbi mmoja. Anayeingia Tanzania anahudumiwa Tunduma vivyo hivyo. Maana yake ofisa wetu anatekeleza sheria ya Tanzania akiwa amekaa kwenye ardhi ya Zambia. Wakoloni wangeona ni wendawazimu. Mimi naona wachora ramani walichelewa tu kujifunza kwa wafanyabiashara wa sokoni, ambao siku nyingi walikuwa na mteja upande huu na shemeji upande ule, shilingi mfuko huu na kwacha mfuko ule.

Mwaka haukupita, korona ikaja. Ukumbi uliojengwa ili watu wakaribiane ukatakiwa kuwatenganisha, na Mei 2020 Zambia ikaufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa.

Foleni nayo haijakubali kufa. Mtandao wa forodha ukisumbua au nyaraka zikipungua, malori yanajipanga hadi kata ya Mpemba. Hapo ndipo utaona mahali pa kazi ambapo hakuna mhandisi aliyepachora: dereva anapika chai pembeni ya tairi, wakala anajaza fomu juu ya boneti, na mama lishe, aliyeacha meza yake stendi, anapita na hotpoti kichwani lori kwa lori. Foleni ikifika Mpemba, naye anafika Mpemba.