KUPUNGUA KWA NGUVU YA SHILINGI
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Neno langu ni moja: hesabu ya mshahara ni kitu kimoja, na nguvu ya mshahara ni kitu kingine.

Tuanze na mwaka 1949. Siku zile shilingi ya Afrika ya Mashariki ilifungamana na pauni ya Uingereza, shilingi 20 kwa pauni moja, na Bodi iliyoitoa ilikuwa London. Uingereza ilikuwa imepungukiwa na dola baada ya vita. Basi tarehe 18 Septemba Waziri wake wa Fedha, Sir Stafford Cripps, alitangaza ya kuwa pauni iliyokuwa dola 4 na senti 3 itakuwa dola 2 na senti 80. Shilingi ikashuka pamoja nayo. Kitu cha Marekani cha dola moja, kilichopatikana kwa karibu shilingi 5, sasa kilitaka shilingi 7 na senti 14. Karani wa shilingi 100 alipokea shilingi 100 zile zile. Hakukatwa hata senti, lakini mbele ya bidhaa za Marekani alikuwa amepunguziwa sehemu 3 katika 10. Mwenye mkonge wa kuuza kwa dola yeye alipata shilingi nyingi zaidi.

Je, dawa ni kuizuia fedha isishuke? Mwaka 1967 pauni ilishuka tena. Tanzania, Kenya na Uganda, zilizokwisha fungua benki kuu zao mwaka 1966, hazikuifuata. Dola ikabaki pale pale. Hilo lilikuwa jambo la fahari. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania iliishikilia thamani ya shilingi, hali dola za kununulia bidhaa ni chache. Bei iliyoandikwa ilikuwa ndogo, lakini sabuni na sukari ziliadimika madukani, na wengi walizipata kwa mlanguzi. Mwisho wa mwaka 1985 dola ilikuwa shilingi 16 na nusu hivi. Mwisho wa 1986 ilizidi 50. Leo shilingi 2,000 hazitoshi kununua dola moja.

Basi, ndugu zangu, kila mmoja wetu na aweke daftari, aandike kila mwezi bei ya unga, mafuta, sabuni na ada ya watoto. Siku tutakapokwenda mbele ya wakubwa kuomba nyongeza, tusiseme tu ya kuwa maisha ni magumu, kwani maneno hujibiwa kwa maneno. Tufungue daftari, hesabu haina budi kujibiwa kwa hesabu. Tuwakumbuke na wazee wetu wa pensheni, ambao fedha yao hukonda nao wakiitazama.