Gari la Spoti la Chundwa na Petroli ya Mashua

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa barazani kwetu Chundwa baada ya isha, mbele ya vijana wa bodaboda na wazee wachache waliokuja kusikiza. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikaondoa kelele tu na pale tulipocheka mpaka tukapoteza mada. Na kama ilivyo desturi yetu hapa, sitaji mwanasiasa wala chama. Ukimtambua mtu humu, umemtambua wewe, mimi simo.

Suali lilianza hivi. Kijana mmoja aliniuliza: "Ami, hawa wanaogombana kwenye runinga juu ya ukaguzi wa magari na kodi ya magari, sisi yatuhusu nini? Kisiwa chote cha Pate, magari twayahesabu kwa vidole."

Nikamwambia ngoja nikupe kisa cha gari moja la spoti. Ni gari la Chundwa, ila halijawahi kuiona Chundwa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko Dubai mwaka wa saba huu. Siku moja akanitumia picha: gari jekundu, milango miwili, limeinama kama paka anayewinda. "Mjomba, nimelipata kwa bei ya bure." Nikalitazama mara moja, nikamwambia usukani uko kushoto, achana nalo. Huku kwetu gari la usukani wa kushoto halisajiliwi, isipokuwa yale ya kazi maalum kama ambulansi au mitambo ya ujenzi. Alinuna wiki mbili. Kisha akarudi na lingine, hili la kutoka Japani, usukani kulia: Toyota 86, injini ya lita mbili, limesajiliwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2018.

Mimi nilikuwa karani wa forodha Mombasa kwa miaka 13. Nikamwambia usimlipe wakala, nitakutolea mwenyewe. Dada yangu alikuwa amekaa pale pembeni akisikiza simu. Akasema neno moja tu: "Pesa hizo zingeweka sakafu na choo." Tukamnyamazisha, mimi na mwanawe. Nitarudi kwenye sakafu hiyo.

Sasa tuanze na jambo ambalo kwenye mijadala huvurugwa kila siku. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane. Kwa mwaka 2025 hesabu ilikuwa hivi: liwe limesajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. La mpwa wangu likapita. Lakini chukua gari lile lile, injini ile ile, limetembea kilomita chache zaidi, ila lilisajiliwa Desemba 2017. Hilo haliingii. Je, moshi wa Desemba ni mchafu kuliko wa Januari? Si kweli. Umri si kipimo cha moshi, umri ni kisio tu.

Mwanasiasa mmoja atasimama aseme sheria hii yamnyima maskini gari la bei nafuu. Mwingine atasema tukiiondoa tutageuzwa jaa la vyuma chakavu vya watu. Mimi nawaambia wote wawili wana haki, na wote wawili wameacha nusu ya habari. Kisio cha umri nakipenda bandarini kwa sababu ni rahisi kukithibitisha na kigumu kukichezea. Tarehe ni tarehe. Shida ni kinachofuata baada ya geti.

Maana kabla gari halijapanda meli, hukaguliwa huko huko linakotoka kwa kiwango cha Kenya kinachoitwa KS 1515. Wanatazama breki, taa, usukani, chasisi, na moshi. Likipita hupewa cheti. La mpwa wangu lilipita bila shida, moshi wake safi. Sawa. Sasa niambieni, nani atalipima tena? Matatu na magari ya biashara hupelekwa ukaguzi kila mwaka. Gari la binafsi likishaingia, laweza kukaa miaka ishirini na hakuna mtu atakayeweka kipimo kwenye ekzosi yake. Kuna rasimu za kanuni zilizozungushwa miaka ya karibuni za kuyaingiza na magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne, na ndizo zinazoleta zogo kila zikitajwa.

Nitawapa mfano wa kwa nini cheti cha siku moja hakitoshi. Chini ya gari, kwenye bomba la moshi, kuna kichujio ambacho mafundi hukiita katalisti. Ndani yake mna madini ya thamani, platinamu na jamaa zake, kiasi kidogo tu lakini yana soko. Fundi akikitoa, anakiuza, na mwenye gari anaambiwa "litapumua vizuri". Kweli lapumua, sisi ndio twakohoa. Sasa mpwa wangu, kabla gari halijafika hata, alishaanza kuniuliza: "Mjomba, Mombasa kuna fundi wa ekzosi kubwa? Nataka sauti." Sauti! Gari limepewa cheti cha moshi safi, na mwenyewe yuko Dubai akipanga kukifuta. Nikamwambia ukiigusa ile ekzosi usinipigie simu tena.

Kwa hivyo mtu akiwaambia ukaguzi ni kwa ajili ya hewa safi, msimkatalie na msimpigie makofi. Muulizeni mashine ya kupimia moshi itakaa wapi. Ikiwa gari lazima lifunge safari ya siku nzima kufuata mashine, na ikiwa cheti kitaweza kupatikana bila gari lenyewe kufika, basi mmelipishwa ada na moshi uko pale pale. Mimi naunga mkono ukaguzi. Nimefanya kazi bandarini, najua magari yanavyofika. Ila nauunga mkono ule unaopima.

Haya, kodi. Hapa ndipo watu hupoteana, na ndipo wanasiasa hupenda tupoteane.

KRA hawatazami risiti yako ya Japani. Wana orodha yao ya bei za magari yakiwa mapya, wanapunguza kulingana na umri, inatoka thamani ya forodha. Tuseme thamani hiyo ni shilingi milioni moja. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, hiyo ni 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi sisi 1,500 ni asilimia 25, lakini si ya milioni moja, ni ya milioni moja pamoja na ule ushuru wa kwanza. Yaani 337,500. VAT asilimia 16 inakuja juu ya vyote viwili: 270,000. Weka ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, ni 45,000. Jumlisha. Milioni moja na 2,500. Umelinunua gari mara mbili.

Vijana waliguna hapo. Mmoja akasema, "Si tajiri huyo, mwacheni alipe." Sawa, alipe. Lakini tazameni: katika hesabu yote hiyo hakuna hata shilingi moja iliyouliza moshi ni mwingi au mchache. Ukubwa wa injini umeulizwa, umri umeingia kwa mlango wa nyuma, na mkweche wenyewe, kadiri unavyozeeka thamani yake hushuka na kodi yake hushuka nayo. Hii ni kodi ya mapato ya serikali. Si vibaya, serikali lazima ile. Ila isiitwe mazingira.

Nikumbushe lingine. Mswada wa fedha wa 2024 ulikuja na pendekezo la kodi ya magari ya kila mwaka, asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ilipwe pamoja na bima. Iliondolewa Juni mwaka huo, siku chache kabla ya mswada mzima kurudishwa. Waliokuwa wakiitetea walisema ni kodi ya wenye nacho. Lakini someni vizuri: ilikuwa na sakafu ya shilingi 5,000 na dari ya 100,000. Mwenye gari kuukuu la laki moja angelipa 5,000, hiyo ni asilimia 5. Mwenye gari la milioni kumi angelipa 100,000, asilimia 1. Sasa tajiri ni nani hapo? Pendekezo la namna hii laweza kurudi na jina jipya. Likirudi, kabla hamjasoma asilimia, tafuteni sakafu na dari.

Turudi bandarini, maana nimeahidi kusema kosa langu. Gari lilishuka salama, karatasi ziko, pesa ziko. Mimi nikajaza nambari ya chasisi kwa mkono wangu, nikaandika 3 mahali pa 8. Miwani ilikuwa mfukoni. Tarakimu moja! Hati ya forodha ikawa haifanani na cheti cha ukaguzi, mfumo ukakataa, na gari haliruhusiwi kuingia barabarani bila nambari zake. Kusahihisha kulichukua siku 11. Siku za bure za kuhifadhi zikaisha, ada ikaanza kuhesabu, usiku na mchana, Ijumaa na Jumapili. Jumla yake shilingi 38,400. Mpwa wangu hakunilaumu. Alisema "si neno, mjomba", na hilo ndilo lililoniuma. Mama yake hakusema kitu.

Nataka mzielewe vyema karatasi hizi. Usajili kazi yake si kodi wala moshi. Kazi yake ni kujua gari hili ni hili na mwenyewe ni huyu. Ukigongwa na gari ukutani pale Malindi, nambari ndiyo itakayokupeleka kwa bima. Ninyi wa bodaboda mnaobandua nambari ili msitambulike, siku pikipiki ikiibiwa mtamwambia nani ni yenu? Hapo walinyamaza kidogo.

Sasa lile suali, yatuhusu nini.

Nikamgeukia mzee mmoja mvuvi, nikamuuliza: mzee wangu, safari moja wachoma petroli kiasi gani? Akasema madumu mawili, ya lita 20 kila moja. Nikamwambia, tangu Julai 2024 tozo ya kudumisha barabara imepanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Imo ndani ya bei, pampu haiulizi petroli yaenda kwenye gari au kwenye mashine ya mashua. Madumu mawili ni lita 40. Kila unapotoka baharini umelipa shilingi 1,000 za barabara.

Akaniuliza, "Barabara ya wapi?"

Nami nikamjibu kwa kadiri nijuavyo. Pesa hizo hukusanywa kitaifa. Magavana na wabunge wamezigombania mpaka mahakamani, shilingi bilioni 10.5 ziende kaunti au zibaki kwa mashirika ya barabara ya kitaifa. Kwenye runinga utasikia hoja nzito za katiba, na hoja hizo zina maana. Lakini sijasikia hata upande mmoja ukimtaja mtu ambaye chombo chake hakijakanyaga lami tangu kiundwe. Mpwa wangu mwenye gari la spoti analijaza mara moja kwa mwezi, tena si kila mwezi. Mvuvi huyu hutoka mara nne kwa wiki upepo ukiruhusu. Fanyeni hesabu wenyewe ni nani anayejenga barabara nchi hii. Kwa hivyo mtu akija na kipaza sauti aseme kodi za magari hazimgusi mtu wa Chundwa, mwekeeni dumu mbele ya meza.

Mzee mwingine akauliza, gari lenyewe liko wapi sasa?

Liko Mombasa, Kisauni, limefunikwa turubai kwa jamaa yetu. Nambari zimetoka, logibuku ipo, ekzosi ni ile ile ya kiwandani, nimekagua mwenyewe kwa tochi. Huku halileteki. Tumbo lake liko chini mno, likishushwa Mtangawanda litazama mchangani kabla ya kuiona Siyu. Mwenyewe alipokuja likizo aliliendesha mara mbili, akarudi kazini.

Zile 38,400 nilisema nitazilipa mimi, na nilimwambia dada yangu zitalipwa kwa saruji. Wiki iliyopita mifuko 12 ilishuka Mtangawanda. Iliyobaki nadaiwa.