Jina la Mama Kwenye Fomu

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya akina mama wa Umoja wetu katika sherehe za Uhuru, katikati ya jiji la Durban)

Tunashukuru kupewa nafasi kabla ya pilau, maana baada ya pilau hakuna anayesikiliza hotuba.

Tumeombwa tuzungumze juu ya mwanamke na Uhuru. Tulioiandaa hotuba hii ni wauguzi. Umri wetu umevuka arobaini, shahada zetu tumezipata ugenini, na baadhi yetu tumekuja hapa moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Kwa hiyo mtuvumilie tukisema kiuguzi: tutafunua kidonda kwanza, dawa baadaye.

Tuanze na ninyi watoto. Mkiwasindikiza wazazi sokoni Warwick mnapita barabara ya Julius Nyerere, na huyo mnamjua, picha yake iko pale ukutani. Karibu na hapo kuna mtaa wa Bertha Mkhize, penye soko tunakonunua viungo. Huyo je? Alikuwa kiongozi wa wanawake wa ANC aliyepinga wanawake kubebeshwa pasi, na mwaka 1956 alikuwa mmoja wa watu 156 walioshtakiwa kwa uhaini. Dar es Salaam nako kuna barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma za akina mama aliyepewa kazi ya kuwaongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 na akawaingiza chamani kwa maelfu. Yeye naye alikuja kushtakiwa kwa uhaini, tena katika nchi aliyoipigania. Msituulize kwa nini leo, hiyo ni hotuba nyingine.

Na hili muwaambie wenzenu shuleni. Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walifungasha wakaondoka. Mwalimu Nyerere alizungumza na ANC, na wauguzi ishirini wa Kiafrika wakatoka nchi hii hii, Afrika Kusini, wakaenda kuhudumia hospitali zetu. Walikuwa wanawake waliowaacha wazazi na ndugu bila kujua watarudi lini. Kwa hiyo mgonjwa anapotuuliza kitandani, kama wanavyotuuliza, tumekuja kufanya nini nchini kwao, jibu tunalo: tunalipa deni.

Sasa kidonda.

Kila mwanachama hapa amejaza fomu ya mfuko wa kuzikana. Juu kuna jina la mwanachama, na karibu kila fomu ni jina la baba. Katikati kuna jina la mtu wa kupokea rambirambi, na wengi wameandika kaka au baba mdogo aliyeko nyumbani. Mke yuko chini kabisa, kwenye mstari wa idadi ya wategemezi, pamoja na watoto. Hana jina, ni namba. Lakini mchango wa kila mwezi unatoka wapi? Nyumba nyingi tunazozijua, unatoka kwa mama anayesuka nywele tangu saa mbili asubuhi, au anayeuza vitumbua, au anayegeuza wagonjwa usiku kucha.

Baba akifariki, tunachanga vizuri sana, hilo hatuna wasiwasi nalo. Mwili unasafirishwa, na fedha zinazobaki zinatumwa kwa yule aliyeandikwa. Mjane anabaki hapa Albert Park na kodi ya nyumba, ada za shule na kibali cha kukaa ambacho mara nyingi kilitegemea cha mumewe. Tumeliona hili zaidi ya mara moja. Hatutaji majina kwa sababu wenyewe wamo humu ndani.

Tuseme na ukweli wa upande wetu. Mara nyingi anayekuja kufungua kabati kabla ya arobaini si shemeji, ni wifi. Mwanamke anamvua mwanamke mwenzake, akisahau kwamba kwa mumewe na yeye ni wa kuja.

Kuna wazee watakaosema haya ni mambo ya Kizungu tuliyookota chuoni. Kwa heshima yote, wazee wetu, tunaomba tuwasimulie habari za mama wa Kihaya, Holaria Pastory, wa wilaya ya Muleba. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka na hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake akamshtaki, kwa kuwa kwa mila iliyoandikwa mwaka 1963 mwanamke wa Kihaya aliruhusiwa kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, ila si kuliuza. Mwanamume wa ukoo huo huo aliruhusiwa. Mahakama ya Mwanzo ikampa haki mpwa. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba Holaria ana haki ya kuuza kama mwanamume yeyote. Bibi kizee wa kijijini ndiye aliyeishinda mila mahakamani, na chuo cha Kizungu hakikuwa na mkono hapo. Baadaye Sheria za Ardhi za mwaka 1999, namba 4 na namba 5, ziliandika waziwazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Kwa mjane kazi haijaisha. Katika mila hizo hizo za 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walifukuzwa kwenye nyumba walimoishi na waume zao, wakaenda mahakamani, na shauri lao likafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliiambia nchi yetu kwamba wameonewa. Na kwa Waislamu kati yetu, fungu la mjane limetajwa bila kificho: thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Anayempa mjane kanga mbili na nauli, basi, hafuati dini wala sheria.

Hata hapa Durban wenzetu wamepita njia hiyo. Mama mmoja wa Umlazi, Bi Gumede, aliolewa kimila mwaka 1968. Mumewe hakumruhusu kuajiriwa, akakaa nyumbani kulea watoto wanne. Mwaka 2003 mume akadai talaka. Sheria za KwaZulu na Natal zilisema mali yote ya familia ni ya mkuu wa kaya, yaani mume, hata sufuria alizopikia mama. Mama yule alianzia Mahakama Kuu ya Durban, na tarehe 8 Desemba 2008, mkesha wa sikukuu yetu, Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu hivyo. Kulea watoto wanne ilihesabiwa kuwa kazi. Kwetu Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshakubali mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Tunatoka huko tunarudi kwenye nyumba tunazojenga nyumbani. Fedha zinaondoka hapa kwa simu, nusu za baba, nusu za mama, na kiwanja kinaandikwa jina la kaka aliyesimamia mafundi. Kaka anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini kaka naye atakufa, na watoto wake hawatajua saruji ilinunuliwa na nani. Andikeni majina mawili kwenye hati ya mauziano, la baba na la mama. Tunzeni ujumbe wa kila fedha mliyotuma, muuandike na kwenye daftari, maana simu za Durban mnajua zinavyokwapuliwa.

Na Umoja wetu tunauomba mambo matatu kabla ya mkutano wa Januari. Mke awe mwanachama kwa jina lake na kura yake. Rambirambi ya kifo cha mume imfikie mjane kwanza, na ya kifo cha mke imfikie mume, ndugu wa nyumbani wafuate. Na kamati isiwe na akina mama kwenye nafasi ya chakula tu. Tunajua kuhesabu vidonge vya wodi nzima bila kukosea, mweka hazina hawezi kutushinda.

Ndugu Mwenyekiti, fomu mpya tumeshazichapa. Ziko kwenye meza ya chai karibu na mlango. Watoto wenye mwandiko mzuri wakae pale wawasaidie wazazi kujaza. Kuna kalamu nne, tunaomba zirudi zote nne.