Sanduku la Siri, Daftari la Wazi



Mwaka 1988 tuliteua wagombea wa chama kimoja kwa mlolongo, hadharani, chini ya macho ya wakubwa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Ng'ambo ya Isebania, Tanzania ya Azimio la Arusha nayo iliruhusu vyama vingi mwaka 1992. Njia zilikuwa mbili, somo moja: chama kisicho na mpinzani hakimjibu mkulima.

Sanduku la siri tulirudishiwa. Lakini kura bila hesabu za wazi humbadilishia mkulima bwana tu. Sasa tunadai daftari la wazi katika kila chama cha ushirika, ili mkulima wa miwa wa Awendo na wa pamba wa Homa Bay ajue kilo zake, makato yake na siku ya malipo. Hiyo ni haki, si hisani.